Vinu vidogo vya nyuklia: Kigoma ina lipi katika hesabu hii?

Kwa miaka mingi wakazi wa Kigoma na Ujiji walijua kama kuna umeme kwa kusikiliza tu. Majenereta ya dizeli ya Tanesco yaliponguruma, mashine za kusaga ziliwaka na samaki waliokaa kwenye majokofu ya Kibirizi walikuwa salama. Yaliponyamaza, kila mwenye duka alitoka nje kuangalia kama jirani naye yuko gizani. Mafuta ya kuendeshea mitambo hiyo yalisafirishwa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani, ilhali bei ya uniti haikutofautiana na ile ya Dar es Salaam. Pengo hilo lilibebwa na shirika, na hatimaye na walipakodi wote.

Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipofanya ziara mkoani humo, umeme wa gridi ya taifa ulikuwa umeanza kuingia kutokea Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Hatua hiyo iliufungulia mkoa ukurasa mpya. Hata hivyo, ilikuja karibu miaka 61 baada ya Uhuru, na ndiyo inayofaa kukumbukwa sasa ambapo mazungumzo ya nishati nchini na katika nchi jirani yanageukia jambo jingine kabisa: vinu vidogo vya nyuklia.

Mazungumzo hayo si ya vijiweni tu. Julai 2025 Rais Samia alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, unaoendeshwa na kampuni iliyo chini ya shirika la nyuklia la Urusi, Rosatom. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Benki ya Dunia ilikuwa imeondoa zuio lake la miongo mingi la kufadhili nishati ya nyuklia. Rwanda, jirani wa kaskazini-magharibi, ilitia saini Septemba 2023 makubaliano na kampuni ya Dual Fluid ya kujenga kinu cha majaribio. Uganda imetenga eneo Buyende. Kenya ilikusudia kujenga huko Uyombo, Kilifi, lakini wananchi waliandamana Mei 2024 na macho ya wahusika yakaelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Hoja ya wanaounga mkono vinu vidogo inaeleweka, na kwa mikoa ya pembezoni inavutia kuliko kwingine. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, huviita vidogo vile visivyozidi megawati 300. Sehemu zake zinakusudiwa kutengenezwa kiwandani, zisafirishwe, kisha ziunganishwe pale zinapohitajika. Kigoma haihitaji kuelezwa zaidi juu ya wazo hilo. Meli ya Liemba, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika maelfu ya makasha na kuletwa kwa reli hadi ufukweni, ambako iliungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Ikiwa meli iliwezekana, watetezi watauliza, kinu kitashindikana nini?

Hoja ya pili ni ya kihandisi. Wataalamu wa gridi hushauri mtambo mmoja usizidi takribani asilimia 10 ya mfumo mzima, ili ukizimika ghafla usiivute nchi yote gizani. Mahitaji ya juu ya umeme nchini yalikuwa yakikaribia megawati 2,000 mwaka 2025. Kinu cha kawaida cha megawati 1,000 kingekuwa nusu ya nchi. Hata hicho cha 300 ni kikubwa mno kwa kipimo hicho. Vinavyobaki ni vya megawati 50 hadi 200, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa vinu vya ukubwa huo vinavyofanya kazi kibiashara duniani vinahesabika kwa vidole.

Vipo viwili vinavyotajwa kila mara. Cha kwanza ni Akademik Lomonosov, tishari la Urusi lenye vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja, lililotia nanga katika mji mdogo wa Pevek, kaskazini mwa nchi hiyo. Ujenzi wake ulianza 2007. Uzalishaji wa kibiashara ulianza Mei 2020. Cha pili ni kile cha Shidaowan, China, chenye megawati takribani 200, kilichoanza kujengwa mwishoni mwa 2012 na kuanza kazi rasmi Desemba 2023. Miaka 13 na miaka 11, tena katika nchi mbili zenye viwanda, wahandisi na uzoefu wa nyuklia wa miongo mingi. Anayesema kinu kidogo hujengwa haraka anazungumzia matarajio, maana rekodi iliyopo haisemi hivyo.

Aidha, hakuna hata kimoja kilichosimama bila mkono wa serikali. Marekani iliahidi takribani dola bilioni 1.4 kuusaidia mradi wa kampuni ya NuScale uliokusudiwa kuuza umeme kwa miji ya Utah na majirani zake. Bei iliyokadiriwa ilipopanda kutoka dola 58 hadi 89 kwa megawati-saa, miji ilisita, na Novemba 2023 mradi ukafutwa. Uingereza ilitangaza Juni 2025 kutenga pauni bilioni 2.5 kwa ajili ya vinu vidogo baada ya kuichagua Rolls-Royce. Kanada, jimboni Ontario, iliidhinisha Mei 2025 ujenzi wa vinu vinne vya megawati 300 huko Darlington kwa dola za nchi hiyo bilioni 20.9. Cha kwanza peke yake, pamoja na miundombinu itakayotumiwa na vyote vinne, ni bilioni 7.7.

Kiasi hicho kikilinganishwa na mkataba wa awali wa Bwawa la Julius Nyerere, uliokuwa wa takribani dola za Marekani bilioni 2.9, kinu kimoja cha Darlington kinagharimu karibu mara mbili ya bwawa zima. Bwawa lina megawati 2,115. Kinu kina 300. Ni kweli kwamba bwawa hutegemea mvua, na Watanzania hawajasahau mgawo wa mwaka 2006 wala ule wa mwishoni mwa 2022, yote ikitokana na ukame. Kinu hakiombi mvua. Lakini tofauti ya bei ni kubwa kiasi kwamba hoja ya ukame pekee haiwezi kuiziba.

Kuna dhana nyingine inayosikika sana tangu uzinduzi wa Mkuju: kwamba nchi yenye urani ina mafuta ya kinu bure. Haiko hivyo. Kinachotoka katika kiwanda cha kuchakata ni unga wa njano ambao hauwezi kuingia kwenye kinu. Ni lazima ugeuzwe gesi, urutubishwe, kisha utengenezwe vidonge na fito za mafuta. Kazi hizo hufanywa na nchi chache, na urutubishaji unasimamiwa kwa ukali kwa sababu njia hiyo hiyo ndiyo ielekeayo kwenye silaha. Mradi wa Mkuju, uliopangiwa kuzalisha hadi tani 3,000 kwa mwaka, utaiingizia nchi fedha za kigeni na mrabaha. Lakini mafuta ya kinu Tanzania ingeyanunua kama mteja mwingine yeyote.

Je, serikali inaweza kusaidia nini, basi, kwa kiwango cha uwezo wake? Jibu la kweli liko mbali na saruji na chuma. IAEA ina utaratibu wake wa kuiandaa nchi mpya, wenye hatua tatu na mambo 19 ya kukamilisha, kuanzia sheria na wataalamu hadi bima ya ajali na utunzaji wa taka. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miaka 10 hadi 15. Ufadhili wa serikali kwa vijana wanaosomea sayansi ya nyuklia ni sehemu ya maandalizi hayo na haustahili kubezwa. Mtaalamu wa mionzi anahitajika hospitalini na viwandani hata kama kinu hakitajengwa kamwe.

Penye kasoro ni kwenye usimamizi. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania iliundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003 na kupewa kazi mbili kwa pamoja: kudhibiti matumizi ya mionzi na kuhamasisha matumizi salama ya teknolojia ya nyuklia. Kwa mashine za eksirei na vipimo vya vyakula bandarini, mchanganyiko huo haujaleta taharuki. Kwa kinu cha umeme ni jambo jingine, kwa kuwa misingi ya kimataifa inataka mdhibiti asiwe ndiye mhamasishaji. Kenya iligawanya kazi hizo mwaka 2019, chombo kimoja kikipewa udhibiti na kingine uendelezaji wa nishati. Rwanda iliunda bodi ya atomiki ya kuendeleza teknolojia na kuacha udhibiti mikononi mwa mamlaka yake ya huduma za umma. Kuigawa kazi hiyo hakuhitaji mkopo wa nje. Kunahitaji muswada bungeni.

Halafu kuna mikataba. Misri ilipoamua kujenga El Dabaa, Urusi iliikopesha dola bilioni 25, sawa na asilimia 85 ya gharama, deni litakalolipwa na kizazi ambacho hakikuwapo wakati wa kutia saini. Tanzania ina kumbukumbu zake yenyewe juu ya mikataba ya umeme iliyosainiwa kwa haraka: IPTL katika miaka ya 1990 na Richmond mwaka 2006, ambayo ilimwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa madarakani Februari 2008, kisha sakata la Escrow mwaka 2014. Mikataba yote hiyo ilihusu mitambo ambayo ingeweza kuzimwa na kung'olewa. Kinu haking'olewi hivyo. Mafuta yake yaliyotumika hubaki na mionzi kwa maelfu ya miaka, na mkataba usiosema yatakwenda wapi ni mkataba nusu.

Kwa Kigoma yenyewe, ambayo bado haijatajwa kuwa eneo la kinu, jiografia ina neno lake. Mkoa uko ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga eneo la Ziwa Tanganyika, likaua watu upande wa Kongo na kutikisa majengo hadi mbali. Ziwa lenyewe, lenye kina cha mita 1,470 na takribani asilimia 17 ya maji baridi ya juu ya ardhi duniani, lina njia moja tu ya kutolea maji, Mto Lukuga, kiasi kwamba uchafu ukiingia hukaa kwa karne nyingi. Nchi nne zinalimiliki kwa pamoja. Mkataba wao uliotiwa saini Dar es Salaam Juni 2003 unaitaka nchi yenye mradi unaoweza kuliathiri kuwaarifu wenzake mapema. Wanaovua dagaa na migebuka, ambao mwaka 2024 walisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 ili samaki wazaliane, hawatahitaji kuhamasishwa kuuliza maswali.

Nyuma ya yote kuna Malagarasi, na hapa ndipo mjadala wa nyuklia unapopata uzito wake halisi. Mwaka 2008 mkataba wa Tanzania na shirika la Marekani la Changamoto za Milenia, wenye thamani ya dola milioni 698, ulijumuisha mtambo mdogo wa maji katika maporomoko ya Igamba. Uchunguzi wa mazingira ulikuta viumbe wasiopatikana penginepo duniani, na mtambo ukaachwa. Kigoma ikapewa paneli za sola kwa shule, zahanati na masoko ya vijijini. Novemba 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha dola milioni 140 kwa mradi mpya mtoni humo wa megawati 49.5. Miaka mitano baadaye ulikuwa bado haujatoa hata megawati moja. Sambamba nao uko mradi wa njia ya msongo wa kilovoti 400, kilomita 280 kutoka Nyakanazi, unaofadhiliwa na benki hiyo pamoja na Korea Kusini.

Miradi hiyo miwili haina mvuto wa kinu. Hakuna mkutano wa kimataifa unaoitishwa kwa ajili ya nguzo za umeme. Lakini ndiyo iliyobeba jibu la muongo huu kwa kiwanda cha chumvi cha Uvinza, kwa reli ya kisasa inayojengwa kutoka Tabora hadi Kigoma, ambayo treni zake ni za umeme, na kwa mama anayegandisha samaki Katonga. Kinu, hata kazi ikianza leo na mambo yote 19 yakaenda vema, ni habari ya katikati ya miaka ya 2030 au baadaye.

Hakuna kinachoizuia serikali kufanya yote mawili, mradi fedha zisitoke mfuko mmoja. Maandalizi ya nyuklia katika hatua hii ni mishahara, masomo na sheria, na ni gharama ndogo. Upembuzi wa eneo, washauri wa kigeni na malipo ya awali ya mtambo ni gharama za aina nyingine, na katika bajeti ya wizara moja hushindana moja kwa moja na nyaya, transfoma na mita. Wabunge wa mkoa huo wana njia rahisi ya kufuatilia: kila mwaka bajeti ya Wizara ya Nishati inaposomwa, watazame fungu la Malagarasi limepangiwa kiasi gani, na kati ya hicho ni kiasi gani kilichotolewa mwaka uliotangulia.