Tuliambiwa Ni Shule

Simu ya kwanza huingia usiku wa manane au alfajiri, kutoka nambari usiyoijua. Wengi wetu hatukuipokea. Tumekaa Marekani miaka ya kutosha kujua kwamba nambari ngeni ni ya mdai au ya tapeli, na nusu yetu tulikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba za wazee, simu zimefungiwa kabatini. Waliobahatika kuipokea walisikia sauti ya mtoto wao ikisoma maneno aliyoandikiwa, mbio mbio: nimefika salama, nitaandika barua, nawapenda, kwa heri. Kabla hujauliza kama amekula, simu imeshakatika.

Sisi ni wazazi tunaozungumza Kiswahili hapa Texas: Wakenya, Watanzania, Wakongo wa Kivu na Katanga, na familia mbili za Warundi. Watoto wetu wamejiunga na jeshi la wanamaji la Marekani, nao wamechukuliwa kusomea mitambo ya nyuklia, ile inayoendesha nyambizi na manowari zinazobeba ndege. Tunajivunia watoto hawa mpaka vifua vinataka kupasuka. Lakini tuna manung'uniko, na tumechoka kuyanong'onezana jikoni baada ya ibada.

Mambo yalianzia sekondari. Tangu sheria ya elimu iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 2001, shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kuwapa maofisa wa kuandikisha wanajeshi majina, anwani na nambari za simu za wanafunzi wakiziomba, isipokuwa mzazi awe amekataa kwa maandishi. Nafasi ya kukataa ilitufikia katika furushi la karatasi za kufungulia shule, kati ya fomu ya chakula cha mchana na fomu ya chanjo, yote kwa Kiingereza. Tulisaini palipowekwa alama na kurudisha. Hatusemi tungekataa. Tunasema hatukujua kuwa tumeulizwa.

Kisha akaja afisa. Kijana nadhifu, alivua viatu mlangoni, akaketi, akala ugali kwa mkono bila kusitasita, na baba mwenye nyumba akampenda papo hapo. Alisema mtoto amefanya vizuri sana kwenye mtihani wa kuingilia jeshini, kwamba ni wachache wanaopata alama za kuwafikisha kwenye nyuklia, na kwamba kuna shule, bure, yenye mshahara, na bonasi ya makumi ya maelfu ya dola. Sisi masikio yetu yalikamata neno moja: shule. Mtu aliyeuza ng'ombe ili asome kidato cha tano, ukimtajia shule ya bure, hakuulizi swali la pili.

Maswali ya pili ndiyo tunayouliza sasa, tumechelewa. Mkataba wa nyuklia ni wa miaka 6 ya utumishi kamili, na jumla ya wajibu kwa jeshi ni miaka 8, ile ya mwisho ikihesabiwa akiba. Bonasi hailipwi siku ya kutia saini. Inangoja mafunzo yafike hatua zilizoandikwa kwenye mkataba. Na mtoto akishindwa masomo harudi nyumbani na mkoba wake kama tulivyozoea. Huondolewa kwenye nyuklia na kupangiwa kazi nyingine kulingana na mahitaji ya jeshi. Haya yote yameandikwa, hakuna aliyeyaficha. Ila hakuna pia aliyekaa nasi akatusomea mstari kwa mstari kwa lugha tunayoota nayo.

Sisi tuliotoka Tanzania tulidhani tunayajua mambo haya, kwa sababu ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Tangu mpango wa vijana wa kidato cha sita uliporudishwa mwaka 2013, mzazi anamfungasha mtoto, mtoto anakwenda kambini, anakimbizwa mchakamchaka, analima, na baada ya miezi michache anarudi mwembamba, mweusi, ana adabu. Tukatarajia kitu cha namna hiyo. Kambi ya makuruta ya wanamaji, iliyoko Great Lakes kaskazini mwa Chicago, kweli inafanana na hayo, nayo huchukua kama majuma 9 au 10. Tulipanda basi na magari ya kuazima kwenda kuona gwaride la kufuzu, tukalia, tukapiga picha. Tukadhani magumu yameisha.

Magumu yalikuwa yanasubiri Goose Creek, Carolina Kusini. Huko mtoto anaanza na masomo ya fani yake, mashine, umeme au elektroniki, miezi 3 hadi 6. Kisha miezi 6 ya nadharia: hisabati, fizikia ya nyuklia, kemia, mwendo wa joto na vimiminika, mionzi, tabia ya kinu kinapowaka na kinapozimwa. Kisha miezi mingine 6 kwenye kinu chenyewe kinachofanya kazi, ama hapo hapo kwenye nyambizi za zamani zilizofungwa gatini, ama Ballston Spa katika jimbo la New York. Huko zamu ni za saa 12 na zinabadilika, mara mchana mara usiku, na kila hatua inahitaji sahihi ya mkubwa aliyemhoji akaridhika kwamba ameelewa.

Masomo haya ni siri ya taifa. Daftari haliruhusiwi kutoka jengoni, na simu haiingii. Kwa hiyo anayetaka kujisomea hawezi kujilaza kitandani na kitabu. Lazima arudi kwenye jengo lile lile alikoshinda tangu asubuhi, akae tena saa tatu, saa nne, hadi usiku. Anayeachwa nyuma anaongezewa saa za lazima. Sisi tumelea watoto kwa kukaa nao mezani. Hatukujua aljebra yao, lakini tulikaa, tukawachemshia chai, tukawaambia rudia. Mama asiyejua kusoma anaweza kumsaidia mtoto kusoma, kila mmoja wetu ni shahidi wa hilo. Huko hatuna meza ya kukaa.

Mazungumzo ya Jumapili, kwa wale watoto wanaopata dakika ya kupiga, yanafanana nyumba zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umesoma nini wiki hii?"

"Siwezi kusema, mama."

"Siulizi siri zao. Nauliza unaelewa?"

"Naelewa kidogo."

"Umelala?"

Hapo ndipo anaponyamaza.

Mama mmoja wa kwetu, Mkongo wa Uvira, kilio chake kina uzito kuliko vyetu vyote. Alikimbia mwaka 1996 na mtoto mgongoni, akakaa kambini Kigoma miaka mingi, na kwake mtu mwenye sare alikuwa mtu wa kukimbiwa. Mwanawe wa mwisho alipomwambia anataka kuvaa sare, alikaa siku mbili bila kula. Akakubali, kwa sababu kijana alimwambia, mama, jeshi hili halitakuja kijijini kwetu, mimi nitakuwa na mashine tu. Sasa akisikia sauti ya mwanawe imekauka, hana namna ya kutofautisha uchovu wa masomo na hofu aliyoijua yeye. Tunamwambia ni masomo tu. Anatuuliza tumejuaje. Hatuna jibu.

Tulijaribu kuuliza. Baba mmoja alipiga simu nambari aliyoipata kwenye karatasi ya gwaride, akahamishwa mara nne, na wa nne akamweleza kwa upole kwamba mwanawe ni mtu mzima na taarifa zake zinalindwa na sheria ya faragha ya 1974. Sheria tunaiheshimu. Mtoto wa miaka 19 ana haki ya kufeli mtihani bila baba yake kupigiwa simu. Lakini baba yule hakuuliza alama. Aliuliza kama kuna mtu mmoja, mwenye jina, ambaye anaweza kugonga mlango wa chumba cha kijana aliyekaa siku 11 bila kupokea simu ya nyumbani. Kijana alikuwa mzima. Alikuwa amezidiwa na mitihani tu. Siku zile 11 baba aliendesha lori kutoka Laredo hadi Memphis na kurudi, akilia usukani mkononi.

Na kuna jambo la misiba. Shangazi wa mmoja wa vijana alifariki Mwanza. Shangazi huyo ndiye aliyemlea hadi darasa la tano wazazi wakihangaika na makaratasi ya uhamiaji. Msalaba Mwekundu wa Marekani hupeleka ujumbe wa dharura kwa wanajeshi, na tunawashukuru, lakini uamuzi wa ruhusa ni wa kamanda, na shangazi si mtu wa kwanza kwenye orodha ya jamaa wa karibu. Kwao shangazi ni ndugu wa baba. Kwetu shangazi ni baba wa kike. Nani alimweleza kamanda hilo? Kijana hakujua aeleze vipi, akasema tu "my aunt", akarudi darasani. Ingekuwa ameandika kwamba shangazi huyu alimlea kama mzazi, ombi lingesomwa kwa jicho jingine, maana aliyeshika nafasi ya mzazi anatambuliwa. Hilo tulilijua baada ya maziko.

Lawama nyingine ni yetu wenyewe na tuiseme. Mtoto hajamaliza hata nusu ya mafunzo, tayari Kakamega na Bukavu wanajua kuna injinia wa nyuklia ukooni. Tumetangaza kanisani, na michango ya harusi na paa la bibi imeanza kupangiwa bonasi ambayo haijalipwa. Kijana mmoja alipoondolewa kwenye nyuklia na kupangiwa kazi nyingine kwenye manowari, kazi ya heshima kabisa, alikaa miezi miwili bila kuwaambia wazazi, kwa kuogopa aibu ya watu ambao hawajui hata tofauti ya kinu cha nyuklia na cha kutwangia. Tulimbebesha mzigo wa pili juu ya ule wa jeshi.

Ndiyo maana tunataka kila mzazi alijue jina la Brandon Caserta. Alikuwa mwanamaji wa Marekani. Aliingia akitaka kufuzu mafunzo ya makomando wa majini, akavunjika mguu, akapangiwa kazi nyingine, na mwaka 2018 akajiua akiwa na miaka 21. Wazazi wake, Patrick na Teri, hawakukaa kimya. Walibisha hodi Bungeni mpaka sheria yenye jina la mtoto wao ikapitishwa Desemba 2021, na mwaka 2023 majeshi yakaanza kuitekeleza. Sheria hiyo inampa mwanajeshi haki ya kumwambia msimamizi wake anahitaji kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, bila kulazimika kueleza sababu, na msimamizi anatakiwa kumpeleka haraka iwezekanavyo. Vijana wetu wanaogopa kwamba wakisema hivyo wataondolewa kwenye kozi. Inawezekana ikatokea. Sisi tunawaambia waziwazi: tunataka mtoto, kozi baadaye.

Tunachoomba hakigusi siri yoyote ya kinu. Tunaomba maofisa wa kuandikisha wawakutanishe wazazi na mkalimani kabla ya saini, hata kama mtoto ametimiza miaka 18 na saini yetu haitakiwi kisheria. Tunaomba karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza miaka ya mkataba, jinsi bonasi inavyolipwa, na kinachofuata mtoto akishindwa. Na tunaomba kila mzazi apewe jina la mtu mmoja wa kumpigia pale nyumbani wanapokosa usingizi, naye asitoe taarifa yoyote ila hii: nimemwona leo, yu mzima.

Kwako wewe mwenye mtoto darasa la 11 au la 12 na afisa ameshakula ugali wako: mwombe mkataba ubaki mezani wiki nzima. Mwambie mtoto tangu sasa kwamba akitolewa kwenye nyuklia mlango uko wazi na chakula kipo. Mfundishe kwamba kuna nambari 988, akibonyeza 1 anazungumza na watu wanaohudumia wanajeshi, usiku na mchana. Ikiingia simu alfajiri kutoka nambari ngeni, ipokee. Nasi tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa za jioni, na miongoni mwetu wapo waliojifunza kuusoma mkataba huo kwa machungu. Uje nao kabla haujasainiwa.