Undugu wa polisi: kwenye kilio ndiyo, mbele ya tribinali hapana

Polisi akifa katika mji wa mashariki ya Kongo, mara nyingi listi ya michango inazunguka kabla hata sanduku halijapatikana. Wenzake wa kituo wanatoa walicho nacho, mama za kanisa wanaleta unga na maharagi, majirani wanaleta viti. Kisha kilio kinakwisha. Mjane anabaki na watoto, na kama familia ilikuwa inakaa kambini, anabaki pia na woga wa kuambiwa siku moja aache nyumba.

Ndiyo maana polisi wengi wanatafuta kuingia katika likirimba, mutueli ao kikundi kingine cha undugu cha wenye uniforme. Wazo hilo ni zuri. Mtu anayelinda raia usiku kwa mshahara mdogo ana haki ya kujua nani atamlipia hospitali akijeruhiwa, na nani atasomesha watoto wake akianguka. Katiba ya mwaka 2006 inatambua uhuru wa kuunda mashirika, na inataka tu polisi ya taifa isijiingize katika siasa. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 imeweka kanuni za msingi za mutueli katika inchi. Kusaidiana si uasi, na mkuu asiogope kuona agenti wake wakikutana kwa jambo hilo.

Lakini kikundi cha polisi hakifanani na likirimba la mama wa sokoni. Sokoni, wanachama wako sawa. Katika polisi kuna cheo. Kama mkuu ndiye anayeshika sanduku, agenti atapiga saluti, hataomba hesabu. Kuna pia uhamisho: leo mtu yuko Beni, kesho anatumwa Kalemie, na zamu yake ya kupokea inabaki nyuma pamoja na feza zake. Tena kuna hatari inayomgusa raia moja kwa moja. Mchango ukizidi nguvu ya mshahara, anayelipa mwishoni ni mwenye moto aliyesimamishwa kwenye rondipwe, na mama anayepita kwenye bariere na ndizi zake.

Kwa hiyo anayetaka kuingia aulize mbele ya kutia sahihi. Nani anashika feza, na alichaguliwa na nani? Hesabu inasomwa lini mbele ya wote? Mtu akihamishwa, anarudishiwa nini? Mjane anapata msaada kwa haki iliyoandikwa, ao kwa huruma ya kamati? Na je, anayekataa kuingia ataachwa na amani?

Kuna swali lingine, kubwa kuliko la feza: undugu huo unamlinda mwanachama juu ya nini?

Marekani ina mfano wa kufunza. Mwaka 1915, katika mji wa Pittsburgh, polisi 23 walikutana kuanzisha Fraternal Order of Police, yaani Shirika la Undugu wa Polisi, kwa sababu hawakuwa na pahali pa kusemea shida zao za kazi. Leo shirika hilo linasema lina wanachama zaidi ya 350,000. Linasaidia familia za waliokufa kazini na kulipia mawakili. Lakini mwaka 2014, huko Chicago, polisi alimpiga risasi 16 kijana wa miaka 17, Laquan McDonald. Msemaji wa tawi la shirika hilo aliambia waandishi wa habari kwamba kijana aliwarukia polisi na kisu. Video iliyotolewa mwaka uliofuata ilionyesha kijana akitembea kuwaepuka. Polisi huyo alipokuwa anangoja hukumu, tawi lilimpa kazi katika jengo lake. Mwaka 2018 baraza la raia lilimkuta na hatia ya kuua. Undugu ulikuwa umetangulia ukweli.

Wakongomani hawahitaji kwenda mbali ili kuelewa hatari hiyo. Tarehe 1 Juni 2010, Floribert Chebeya, kiongozi wa shirika la Voix des Sans-Voix, alikwenda kwenye ofisi za uongozi wa polisi Kinshasa alikoitwa. Kesho yake alikutwa amekufa, na dereva wake, Fidèle Bazana, hakuonekana tena. Polisi mmoja, Paul Mwilambwe, alisema hadharani, akiwa uhamishoni, yale aliyoyaona. Ilifika mwaka 2022 ndipo Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamwachilia huru na kuwahukumu maafisa wengine wawili. Miaka 12 ilipita, na aliyesema ukweli ndiye aliyelazimika kukimbia inchi yake. Huyo ndiye ndugu ambaye kikundi cha kweli cha polisi kingepaswa kulinda.

Mpaka uko wazi. Polisi akiwa mgonjwa, akijeruhiwa, akikosa mshahara ao akifiwa, wenzake wasimame naye wote. Akishitakiwa kwa kupiga raia, kunyanganya ao kuua, wamlipie wakili kama kanuni yao inaruhusu, maana haki ya kujitetea ni ya kila mtu. Lakini wasifiche silaha, wasitishe mashahidi, wasibadilishe maneno ya ripoti. Oditora ya kijeshi ifanye kazi yake.

Kanuni hiyo iandikwe katika ukurasa wa kwanza wa kila kikundi, na isomwe siku mwanachama mpya anapoingia. Wakuu wa polisi waruhusu vikundi hivyo, lakini waache sanduku mikononi mwa waliochaguliwa. Serikali nayo isijifiche nyuma ya michango ya maskini: kulipa mshahara kwa wakati na kutunza wajane na mayatima wa waliokufa kazini ni deni lake, si la likirimba.

Raia anayeona polisi wakizika mwenzao kwa heshima atawaheshimu. Akiona wanazika ukweli pamoja naye, atawaogopa tu.