Anayechunguzwa Asizibwe Mdomo

Mjomba wangu ana tabia ya kutoa hukumu akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Juzi tulikuwa Mikumi, kijiweni karibu na barabara kuu, tukisubiri usafiri wa Kidodi ili tupande nyumbani Vidunda. Stori ilianza vizuri: Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025, dhahabu ya marathoni, ya kwanza kwa Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Ukiwasikiliza wazee wa pale ungedhani wote walikimbia naye. Kisha mmoja akasema Wakenya nao wanakamatwa mno na dawa za kusisimua misuli, na wakikamatwa wanaanza kulalamika kwenye vyombo vya habari. Mjomba akafunga mjadala: "Mtu akiwa kwenye uchunguzi afunge mdomo. Akisema anaharibu kesi."

Nikamwambia, mjomba, hapana. Akacheka, akasema ndiyo matatizo ya kusomesha watoto sheria. Gari likaja, tukapanda. Mjadala naumalizia hapa.

Kwanza sheria yenyewe, maana tunabishana bila kuisoma. Kanuni ya Dunia ya kupambana na dawa michezoni, ile ya WADA, kwenye kifungu cha 14 imeweka zuio la kuzungumzia kesi ambayo haijaisha. Lakini hebu angalia aliyezuiwa ni nani. Ni taasisi inayochunguza, ni maabara, ni maofisa wao. Hao wanaweza kueleza utaratibu na sayansi kwa ujumla, ila undani wa kesi hawaruhusiwi kuugusa hadharani. Mwanariadha hajazuiwa. Akisema yeye, au watu wake wakisema kwa niaba yake, hapo ndipo taasisi nayo inapata ruhusa ya kujibu yaliyosemwa.

Yaani mwenye maabara, mwenye mafaili, mwenye uwezo wa kukufungia miaka 4 ndiye anayeambiwa nyamaza. Tena taasisi hiyohiyo inaruhusiwa kutangaza jina lako na dawa unayotuhumiwa nayo mara tu ukishapewa taarifa, kabla hujasikilizwa. Sasa utangazwe dunia nzima halafu usijibu? Kwa haki ipi?

Huku kwetu tumezoea kinyume, ndiyo maana mjomba anaona kawaida. Kamanda wa polisi anaita waandishi, watuhumiwa wamepangwa nyuma ya meza ya vielelezo, kamera zinawamulika. Yeye anaongea, wao wanaangalia chini. Baadaye mahakamani tunaambiwa upelelezi haujakamilika, mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita. Ndugu wakihoji wanaambiwa suala liko mahakamani, tusiliingilie. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Sijaona palipoandikwa "isipokuwa anayechunguzwa".

Twende Kenya, kwa Asbel Kiprop, bingwa wa dunia wa mita 1500 mwaka 2011, 2013 na 2015. (Hata dhahabu yake ya Olimpiki ya 2008 aliipata baada ya mwenzake aliyemtangulia kukutwa na dawa. Dunia hii!) Novemba 2017 alipimwa akiwa Iten, sampuli ikaonyesha EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu. Mwanzoni mwa Mei 2018 habari zikavuja. Kiprop hakusubiri, alitoa tamko. Akasema ofisa wa vipimo alimjulisha mapema kwamba anakuja, na siku ya kipimo akaombwa pesa, akatuma kwa simu.

Unajua kilichofuata? Kitengo cha Uadilifu wa Riadha, AIU, kilijibu hadharani. Kikakiri kwamba inaonekana kweli Kiprop alipewa taarifa mapema, kinyume cha kanuni, na kwamba kimesikitishwa sana. Alipodai pia kwamba aliahidiwa ubalozi wa kupinga dawa endapo angekiri, kikakanusha. Sisi tulio nje tukapata pande zote mbili mezani.

Mtaniambia: lakini si alifungiwa? Alifungiwa, Aprili 2019, miaka 4, na hoja zake zilikataliwa. Sijaja kumsafisha. Maneno yake hayakufuta EPO kwenye sampuli, wala hayakuharibu kesi kama mjomba anavyohofia. Lakini bila yeye kusema, habari ya wapimaji wanaopiga simu kabla ya kugonga mlango tungeisikia lini?

Na kama tunatafuta mdomo ulioharibu kesi, upo. Muogeleaji wa China, Sun Yang, alifungiwa miaka 8 Februari 2020 na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS. Desemba mwaka huohuo mahakama kuu ya Uswisi ikatengua uamuzi huo. Sababu? Mwenyekiti wa jopo la waamuzi alikuwa ameandika Twitter maneno ya kuwatukana Wachina. Kesi ikaanza upya na adhabu ikaishia miaka 4 na miezi 3. Aliyeponza kesi ni mwamuzi.

Nakubali mipaka ipo. Kumtishia shahidi au anayetoa taarifa ni kosa jingine kabisa, na Kanuni ya 2021 imeliwekea kifungu chake. Wakili naye anaweza kukushauri unyamaze, kwa sababu unachosema leo kinaweza kurudi kama ushahidi. Huo ni ushauri. Kunyamaza ni haki yako. Isiwe amri ya anayekushtaki.

Nina hasira binafsi na jambo hili, sifichi. Nikiwa kidato cha tatu nilituhumiwa kuingiza simu bwenini. Nikaonywa nisizungumze na mtu mpaka kamati ikae, halafu asubuhi nikatajwa paredi mbele ya shule nzima. Wiki 3 niliitwa jina la simu hiyo. Kamati ilipokaa ikakuta haikuwa yangu. Paredi ya kusema hivyo haikufanyika.

Vijana wetu watapimwa zaidi sasa, ni kawaida ukianza kushinda, na si jambo baya. Ninachotaka kwa Riadha Tanzania na Baraza la Michezo la Taifa ni hiki: kila anayeitwa kambini asomewe kifungu cha 14 kwa Kiswahili, ajue nani anatakiwa kunyamaza, na asisainishwe karatasi yoyote ya kumziba mdomo. Mjomba nakala yako ninayo, nitapanda nayo Vidunda Jumamosi. Kahawa utanunua wewe.