Shahada ya Uuguzi na Lugha ya Mgonjwa

Mwaka 2021, Kenya ilipotia sahihi mkataba wa kupeleka wauguzi Uingereza, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alitoa takwimu zilizozua gumzo. Kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, alisema, ni 10 pekee waliofaulu. Mengi yalisemwa kuhusu Kiingereza chetu na wanaokifundisha. Swali moja, hata hivyo, sikulisikia likiulizwa: wauguzi wanaobaki humu nchini, ambao ndio wengi, hupimwa na nani katika lugha watakayozungumza na mgonjwa wa Kwale, wa Kibra au wa Kitale?

Masharti ya kujiunga na shahada ya uuguzi yanafahamika kwa walimu wa sekondari. Mtahiniwa wa KCSE anahitaji gredi ya wastani ya C+, na matokeo ya kuridhisha katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Namwomba msomaji alitazame kwa makini hilo neno "au". Maana yake ni kwamba lugha hizi mbili zaweza kubadilishana nafasi, na aliye na moja hahitaji kuulizwa habari za nyingine. Ilhali muuguzi kazini hatumii moja badala ya nyingine. Huzitumia zote mbili katika dakika ile ile, akisikiliza kwa hii na kuandika kwa ile.

Kozi yenyewe ni nzito, na sisemi haya kwa kuidharau. Katika miaka minne mwanafunzi hupitia anatomia na fiziolojia, baiokemia, elimu ya viini vya maradhi na elimu ya dawa. Kisha uuguzi wa upasuaji, ukunga, afya ya watoto, afya ya akili, afya ya jamii, utafiti na usimamizi. Saa nyingi huzitumia wodini. Akimaliza hukabili mtihani wa Baraza la Wauguzi na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini. Yote haya hufunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Hata somo la stadi za mawasiliano, ambalo wanafunzi wa vyuo vikuu hulipata katika mwaka wa kwanza, aghalabu hushughulikia uandishi wa insha, matumizi ya maktaba na namna ya kunukuu vitabu. Ni mawasiliano kati ya mwanafunzi na mhadhiri wake. Mgonjwa hayumo.

Sasa tumfuate mwanafunzi huyo hadi wodini. Bibi wa miaka sabini anamwambia kwamba moyo unamwenda mbio, mwili hauna nguvu, na usiku anahisi kama kitu kinamtembea kichwani. Muuguzi anaandika maneno mawili au matatu ya Kiingereza katika faili. Daktari hatasoma alichosema bibi. Atasoma alichoandika muuguzi. Kwa lugha ya taaluma yangu, faili ile ni tafsiri ambayo matini yake asilia yametoweka, na mfasiri hakupata kufunzwa tafsiri hata kwa siku moja. Makosa yaliyomo humo hayawezi kusahihishwa na yeyote, kwa kuwa hakuna cha kuyalinganisha nacho.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili cha hospitali ni chepesi na kila Mkenya anakijua. Hebu tuchukue neno "homa". Kwa huyu ni joto la mwili, kwa yule ni malaria, na kwa vijana wengi wa mjini ni mafua tu. "Kichomi" ni maumivu makali ya kifua au ubavu, na pia ni jina la nimonia; mgonjwa anayesema ana kichomi huenda anaeleza dalili, huenda pia ameshajipa jina la ugonjwa. Nairobi, mtu aliyevunjika kidole husema anasikia uchungu. Pwani, mwanamke mjamzito akisemwa kwamba ana uchungu, mkunga huandaliwa. Na "tumbo" je? Msichana anayesema tumbo linamuuma huenda anakusudia mfuko wa uzazi ila ameona haya. Mwenzake wa Mombasa atasema ana chango, naye muuguzi aliyekulia bara akifungua kamusi atakuta minyoo na matumbo, asijue kwamba aliye mbele yake anazungumzia maumivu ya hedhi na uzazi.

Hapa ndipo tafsida, ambayo wanafunzi wa Kiswahili huikariri kama istilahi ya mtihani, inapokuwa suala la uhai. Waswahili husema mficha maradhi kifo humfichua, lakini anayesema "siku zangu zimechelewa", au "sijaenda haja tangu juzi", hajaficha chochote. Amesema kwa adabu. Anayeficha ni mfumo wa mafunzo usiomwandaa muuguzi kuielewa adabu hiyo, hasa anapokuwa kijana wa kiume wa miaka ishirini na miwili mbele ya mwanamke wa umri wa mama yake.

Kosa husafiri pia upande wa pili, kutoka kwa muuguzi hadi kwa mgonjwa. Mtu akiambiwa "una sukari, punguza sukari", ataacha kutia sukari chaini kwa uaminifu mkubwa, kisha aendelee na mlima wa ugali kila usiku, maana hakuna aliyemweleza kwamba wanga nao hugeuka sukari mwilini. Saa nazo ni mtihani mwingine. Namba nane ya saa za Kizungu ni saa mbili kwetu. Nina wanafunzi, watoto waliolelewa kwa Kiingereza mijini, wanaotafsiri namba hiyo moja kwa moja wakasema saa nane. Darasani tunacheka. Kwenye pakiti ya dawa kosa hilo ni la saa sita.

Sheria, kwa bahati nzuri, imekwisha kulitazama jambo hili. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Kuna maneno madogo yaliyopachikwa hapo: "pale inapowezekana". Nani ataamua kwamba haikuwezekana? Maadamu vyuo havimfunzi muuguzi kufanya hivyo, kutowezekana huko ni kazi ya mikono yetu wenyewe. Na bila maelezo yaliyoeleweka, sahihi au alama ya kidole kwenye fomu ya upasuaji ni wino tu, si ridhaa.

Sipendekezi elimu ya dawa ifundishwe kwa Kiswahili kesho asubuhi. Wala sipendekezi kwamba sisi wanaisimu tukae hotelini tutunge istilahi elfu moja mpya, ugonjwa ambao taaluma yetu inao. Mgonjwa hahitaji istilahi. Kitabu cha David Werner kiitwacho Mahali Pasipo na Daktari, kilichotolewa kwanza kwa Kihispania mwaka 1973, kimesomwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi na watu wasio na cheti chochote, na kinaeleza kuhara, kujifungua na kufunga vidonda kwa maneno ya kawaida. Maneno yapo. Kinachokosekana ni mafunzo ya kuyasikia na kuyatumia.

Pendekezo langu ni somo moja la lazima, mwaka wa pili, kabla mwanafunzi hajazama katika kazi ya wodini, likifundishwa kwa pamoja na idara ya Kiswahili na idara ya uuguzi. Nafasi yaweza kupatikana kwa kupunguza zile stadi za mawasiliano za mwaka wa kwanza. Najua Kiswahili hakitatosha Turkana wala Wajir, ambako mgonjwa huenda hakijui kabisa. Huko mwaka wa mafunzo ya kazini ungeweza kubeba msingi wa lugha ya mahali, pamoja na namna ya kufanya kazi kupitia mkalimani bila kumgeuza mtoto wa mgonjwa kuwa msema siri za mamake. Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, hakuna anayezuia kaunti kudai hivyo kwa wauguzi inaowaajiri.

Walimu wa Kiswahili nao wana lao. Sajili ya hospitali imo katika isimujamii tunayoifundisha sekondari, na mwanafunzi hupata alama kwa kutaja msamiati maalumu na kuchanganya ndimi. Mazungumzo tunayowatungia huwa ya daktari anayeuliza na mgonjwa anayejibu kwa ufasaha, hali ambayo sijapata kuiona katika hospitali yoyote. Watungeni wagonjwa wanaozunguka, wanaoona haya, wanaochanganya lahaja, kisha mwulizeni mwanafunzi: mtu huyu anaumwa wapi?

Kuhusu kutahini, wenzangu wa uuguzi huniuliza somo kama hili litapimwaje. Mpeni mwanafunzi dakika kumi na mtu mzima anayeeleza maradhi yake kwa Kiswahili chake mwenyewe, na mazungumzo yarekodiwe kwa idhini yake. Mwanafunzi aandike ripoti kwa Kiingereza, kisha arudi kumweleza mtu huyo kwa Kiswahili alichoandika na dawa atakavyozitumia. Wahadhiri wawili, mmoja wa kila idara, waketi wasikilize rekodi huku ripoti ikiwa mezani, wahesabu kilichopotea njiani.