Elfu kumi ya msaragambo haikununulii zamu ya maji

Leo naweka pembeni mbegu na mbolea. Nataka tuongee kuhusu msaragambo, kamati na mikutano ya maji, mambo ambayo kijana anayelima kibiashara akiyasikia tu anaanza kuangalia saa. Haya ni maoni yangu mimi, sio waraka wa ofisi.

Vijana wengi ninaowahudumia wanafanana. Anaishi Mlandege au Mwangata, shamba kakodi upande wa Kalenga, karibu na Ruaha Mdogo. Ana mashine ya maji, ana vibarua wawili, analima nyanya, hoho au kabichi, na analenga kiangazi kwa sababu ndipo bei ipo. Akipigiwa simu kwamba Jumamosi kuna kusafisha mfereji, anatuma elfu kumi kwa simu, mambo yameisha. Akiitwa kwenye mkutano wa jumuiya ya watumia maji anauliza kwanza kama kuna posho. Posho hakuna, kwa hiyo haendi.

Kwa hesabu zangu, hiyo elfu kumi ni hasara. Umelipa, lakini haujapata kitu.

Ngoja nieleze. Wewe uliyekodi ekari tatu kijijini na kulala mjini, pale kijijini huna kura. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wa kijiji waliofikisha miaka 18, na mkutano wako wewe uko mtaani kwako Mlandege. Kwa hiyo serikali ya kijiji ikikaa kuzungumzia mto, mifugo inayokanyaga kingo au njia ya kupitisha mazao, wewe ni mgeni. Mwenye shamba aliyekukodisha ndiye anayesikilizwa, na yeye pesa yake ya kodi keshapokea.

Mlango uliobaki ni jumuiya ya watumia maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inawaruhusu watu wanaotumia chanzo kimoja cha maji kuungana na kuunda jumuiya. Pale hoja ni kwamba unatumia maji, sio kwamba unalala wapi. Jumuiya inapanga mgao, inasuluhisha ugomvi, inalinda chanzo, na inaweza kukusanya ada za matumizi ya maji kwa niaba ya bodi ya bonde. Bodi yetu, ya Bonde la Rufiji, ilianzishwa 1993 na ofisi yake iko hapahapa Iringa mjini. Ila bonde lenyewe ni kubwa mno. Hakuna mtumishi wa bodi atakayekuja kusimama kwenye mfereji wako saa kumi na moja alfajiri kuangalia nani kafungua na nani kaziba. Wanaosimama pale ni watu wa kamati, na hawalipwi. Wengi ninaowakuta ni wazee na akina mama. Vijana wa mjini, ambao ndio wenye mashine kubwa kuliko wote, hawamo.

Sasa njoo mwezi wa kumi. Mto umeshuka, mvua bado wiki sita au zaidi. Kiangazi kimoja nilikaa kwenye kikao cha namna hiyo. Kamati ilikuwa imeamua mashine zifanye kazi mara moja kwa siku nne. Vijana watatu wa mjini walikuwa na nyanya zinazobeba. Wawili walipiga simu kulalamika, na simu ya mwenyekiti ikawa haipokelewi. Wa tatu alikuwepo, amekaa kwenye gogo kama wengine, na kila msaragambo wa mwaka ule alikuwa ameenda. Akaeleza kwamba nyanya ikishaanza kubeba haitaki maji ya kushtukiza, leo mengi, kesho kavu: tunda linaoza kitako na hakuna wa kulinunua. Akaomba apewe maji kidogo kila baada ya siku mbili badala ya mengi siku ya nne. Mama mmoja mwenye mahindi yaliyokwisha komaa akasema yeye zamu yake anaweza kuiachia. Ikaandikwa, kikao kikaendelea na mambo ya mifugo.

Yule kijana hakupendelewa. Hakutoa chochote pembeni. Alikuwepo, basi, na watu wanamjua kwa jina na kwa jembe lake. Wenzake wawili walikuwa wanajulikana kama "wale wa mashine".

Kuna mtu ataniambia hela nayo ni mchango. Kweli. Banio likibomoka linahitaji saruji na nondo, na hapo atakayetoa laki mbili atashukuruwa. Lakini hela ya kukwepa ni kitu kingine, na wanakijiji wanaijua tofauti. Wahehe na Wabena wana neno mgowe, kazi ya kulima kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Hela haimalizi deni la mgowe. Na huku Nyanda za Juu Kusini watu hawajasahau: miaka ya 1980, miradi ya maji ya bomba iliyofadhiliwa na Denmark kupitia DANIDA katika mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma ilichimbiwa mitaro na wanakijiji wenyewe, kwa majembe. Bibi aliyechimba mtaro ule bado yuko hai na bado anahudhuria mikutano. Ukimtumia elfu kumi kwa simu anakuona mtoto asiye na adabu, hata kama hakwambii.

Tuje kwenye mto wenyewe, maana hapa ndipo naona vijana wanajidanganya. Ruaha Mdogo sio wako na wangu tu. Maji ya bomba tunayooga hapa mjini, IRUWASA wanayatoa mto huohuo. Chini kule Pawaga watu wanamwagilia mpunga kwa maji yake. Halafu unaungana na Ruaha Mkuu kabla ya Mtera, penye mitambo ya megawati 80, na mbele yake Kidatu, megawati 204. Huo Ruaha Mkuu, unaotoka bonde la Usangu upande wa Mbeya, zamani ulitiririka mwaka mzima ndani ya hifadhi. Kuanzia 1993 umekuwa ukikauka kiangazi, na matumizi ya maji huko juu ni sehemu kubwa ya sababu. Mto mkubwa kuliko wetu umekauka, sembuse huu wetu.

Na sheria ile ya 2009 imeweka foleni. Kwanza maji ya kunywa na ya nyumbani, pili maji ya kuuacha mto uwe mto, ndipo wengine tufuate. Nyanya zako za biashara ziko kwa hao wengine. Mto ukishuka sana hutashinda kwa kusema umekopa benki. Kitu pekee kinachokusaidia ni mto usishuke kiasi hicho, na hiyo ni kazi ya watu wengi: kulinda chemchemi, kupanda mivengi kwenye vyanzo na kuondoa milingoti iliyopandwa pale, kuzuia uchafu usizibe mifereji.

Hapo kuna suala la mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Iringa tunafahamu vizuri ugomvi wa vinyungu ulivyokuwa. Mimi nina maoni yangu kuhusu jinsi watu walivyoelezwa jambo lile, lakini leo niseme hivi: mkulima mmojammoja akikutwa ndani ya mita 60 anafukuzwa. Watu wa jumuiya waliokaa pamoja, wakapima kwa kamba, wakahamisha matuta na kupanda miti ukingoni, wana kitu cha kumwonyesha afisa. Na wana sauti ya kuuliza: yule mkubwa wa juu yetu, kibali chake kinasema lita ngapi, na anachukua lita ngapi? Kuuliza hivyo mkutanoni, kwa adabu na kwa kurudia hadi ujibiwe, ndio uanaharakati ninaoutaka kwa wakulima. Haukuhitaji bango. Ila na wewe uwe na kibali chako, maana kumwagilia kibiashara kwa mashine kunahitaji kibali cha bodi, na wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe.

Kama maji hayajakushawishi, fikiria kantangaze. Aliingia nchini 2014, na tangu hapo wakulima wa nyanya kuanzia Ilula hadi huku hawajalala. Jike mmoja anataga mayai zaidi ya 200, na kukiwa na joto kizazi kipya kinatoka ndani ya mwezi. Funza wake anakaa ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa haimfikii vizuri, na dawa nyingi keshazizoea. Unapiga dawa kila wiki, jirani yako amemaliza kuvuna na kuacha masalia yamesimama, na kila jioni vipepeo wanatoka kwake kuja kwako. Hakuna dukani dawa ya jirani. Dawa yake ni wiki moja ambayo wote wenye nyanya bonde zima wanang'oa masalia, wanayafukia au kuyachoma, na kukubaliana kupumzika nyanya, viazi mviringo na bilinganya kwa muda. Hiyo wiki inahitaji watu wawili watatu wa kujitolea kupita shamba kwa shamba. Nimeshaomba, napata wazee. Nyanya wanazolinda ni zenu.

Niseme pia nisichokikubali, maana neno kujitolea limechezewa. Kumchukua kijana aliyemaliza diploma ya kilimo, kumfanyisha kazi ya mtumishi mwaka mzima bila hata nauli kwa ahadi kwamba "nafasi zikitoka tutakukumbuka", huko sio kujitolea. Ukiona kazi ina saa za kuingia na kutoka, bosi, na faida inayokwenda kwa mtu mmoja, dai mshahara. Kujitolea ninakokusema faida yake inarudi kwenye mfereji wako, na unaweza kusema Jumamosi hii nimebanwa bila mtu kukutisha.

Ninyi mna kitu ambacho kamati hizi hazina. Daftari la mgao likikaa kwenye mfuko wa koti la mzee linalowa, linapotea, na ugomvi unaanza. Kijana mwenye simu janja anaweza kuandika zamu, kupiga picha kipimo cha maji mtoni kila wiki, kuweka kumbukumbu ambayo hata bodi itaiheshimu. Nafasi ya ukatibu ni ngumu kujazwa karibu kila ninakopita. Ombeni hiyo. Uenyekiti waachieni wenyeji kwanza.

Mifereji mingi inasafishwa kabla mvua hazijaanza, kwa hiyo mpigie mwenyekiti wako sasa, usisubiri akupigie. Siku ya kwanza usiende na hotuba. Nenda na jembe, fyekeo na buti za mvua, na kama una vibarua njoo nao, lakini na wewe ushuke mfereji. Saa kumi na mbili na nusu watu wameshaanza, saa nne wamemaliza. Ukitoka Mlandege mapema na pikipiki unawahi, na mchana unarudi kwenye shughuli zako.