Tulipimwa, Majibu Wakabaki Nayo

Wacha niseme hii maneno vile iko, na atakayekasirika akasirike.

Kuna watu ambao kazi yao ni kulinganisha elimu ya nchi moja na ya nchi nyingine. Wana mitandao yao ya utafiti, wana makongamano, wana majarida. Wanajua mtoto wa Kenya anasoma vipi ukimweka kando ya mwenzake wa Tanzania, Uganda ama Malawi. Wamejua tangu kabla wengi wetu tuzaliwe. Na wewe uliyekaa kwenye hayo madarasa, hakuna siku ulirudiwa ukaambiwa chochote.

Sina ubaya na kazi yenyewe. Ni kazi ya maana sana, na ndo maana nina hasira. Ubaya uko kwa safari ya matokeo. Yanatoka kwa watoto wa Kilifi na Kakamega, yanapanda ndege, yanajadiliwa hotelini, halafu hayarudi nyumbani.

Tuanze na SACMEQ. Kama hujawahi kusikia hilo jina, huna lawama. Ni muungano wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika, ulioanzishwa 1995, UNESCO ikiwasaidia kupitia taasisi yake ya mipango ya elimu iliyoko Paris. Wanachofanya ni kuchagua shule kwa bahati nasibu, wanaingia darasa la sita, wanawapa watoto mtihani wa kusoma na wa hesabu. Hata walimu wanapimwa, hapo usicheke. Maswali ni yaleyale kila nchi, na alama zinawekwa kwenye mizani moja ambayo katikati yake ni 500.

Awamu ya tatu, ambayo Kenya ilifanya 2007, iligusa takriban wanafunzi 61,000 kwa mifumo 15 ya elimu. Bara la Tanzania na Zanzibar zilihesabiwa kando kwa sababu kila upande una wizara yake.

Sasa shika kiti. Kwa kusoma, Kenya ilipata 543.1. Si mbaya, tuko juu ya wastani, na viongozi wetu wanapenda sana kusema tuko juu ya wastani. Lakini aliyeongoza eneo zima alikuwa nani? Mauritius? Hapana, wao walipata 573.5. Seychelles, visiwa vyenye pesa zao? Walipata 575.1. Namba moja ilikuwa Tanzania Bara, 577.8.

Ndio, Tanzania. Hao hao ambao sisi hapa Nairobi tunawacheka mtandaoni kila wiki kwa sababu ya Kiingereza chao.

Na hapa ndo utamu uko. Watoto wa Tanzania walifanya huo mtihani kwa Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha wanayofundishiwa shule ya msingi. Wa Kenya waliufanya kwa Kiingereza.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Hiyo si haki, wao walifanya kwa lugha wanayoielewa!" Msee, soma tena ulichoandika, polepole. Umemaliza hoja yangu kabla niimalize mwenyewe. Mtoto anasoma vizuri zaidi lugha anayoielewa. Kama hilo linakuudhi, jiulize kwa nini tumejenga shule ambazo kumpima mtoto kwa lugha anayoielewa kunaonekana ni kumpendelea.

Ongeza hii. Kwa hesabu, Kenya ilipata 557.0 na Tanzania Bara 552.7. Hapo tuko bega kwa bega, sisi mbele kidogo. Kwa hivyo si ati watoto wa upande mmoja wa Namanga wana akili kuliko wa upande ule mwingine. Kwa hesabu, ambako namba zinajieleza zenyewe kwa kiasi fulani, wanalingana. Ukifika kwa kusoma, ambako kila kitu ni lugha, pengo linafika karibu alama 35. Siwezi kuapa kwamba lugha ndiyo sababu pekee. Seychelles na Mauritius hawakutumia Kiswahili na bado walipasua. Lakini hizo ni nchi ndogo zenye pesa nyingi kwa kila mtoto. Tanzania haikuwa na hizo pesa, na bado iliwapita.

Sasa niambie ni lini ulisikia hii habari kwa redio. Ni lini mwalimu wako aliisema darasani. Wengi wetu tulivalishwa ile disk shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani, na kuna wenye walichapwa juu yake. Wakati huohuo, kwenye kabati la ofisi fulani, kulikuwa na ripoti inayoonyesha kwamba watoto wanaosoma kwa lugha yao ya kila siku wametupita kusoma. Disk iliendelea kuzunguka na ripoti iliendelea kulala.

Na sera haikukosekana. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, Kenya imesema mtoto wa madarasa ya kwanza afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Ukienda mtaani, ile shule ya mabati yenye ukuta umechorwa Mickey Mouse inaanza Kiingereza kwa mtoto wa miaka mitatu, na mzazi analipa zaidi kwa sababu hiyo. Simlaumu mzazi. Anaona kazi, mahakama na benki zote ziko kwa Kiingereza, anafanya hesabu yake. Ninayemlaumu ni aliye na takwimu na hajawahi kumwonyesha huyo mzazi.

Kwa plot yetu kuna mtoto wa gredi ya tano huja kwangu na kazi ya shule. Atakusomea ukurasa mzima wa Kiingereza bila kukwama, sauti safi kama mtangazaji. Muulize hadithi inahusu nini, anaangalia dari. Mweleze hiyo hadithi kwa Kiswahili, anakupa majibu mpaka yale hukuuliza. Huyo si mtoto mzito. Anafunguliwa mlango kwa ufunguo usio wake.

Sasa msinielewe vibaya. Tanzania si peponi. Mtoto wao akifika sekondari anageuziwa lugha ghafla, kila kitu kinakuwa Kiingereza, na wengi wanaanguka hapo. Sera yao ya 2014 ilizungumzia Kiswahili hadi ngazi za juu, na bado sekondari ni Kiingereza. Kwa hivyo wao wana ushahidi wao wenyewe na hawautumii. Sisi tuna ushahidi wa jirani na hatuutumii pia. Sijui nani ana aibu zaidi.

Kuna watu ambao walijaribu njia nyingine. Uwezo ilianza 2009 Kenya, Tanzania na Uganda, wazo likitoka kwa ASER ya India. Badala ya kwenda shuleni, watu wa kujitolea walibisha hodi nyumbani, wakampa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na hesabu kidogo. Mtoto aliyeacha shule alipimwa, mgonjwa aliyebaki nyumbani alipimwa. Na mzazi aliona matokeo papo hapo, kwa macho yake, mlangoni pake.

Walichopata miaka ile ya mwanzo kilikuwa kofi. Hapa Kenya, ni takriban watoto 3 kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Na huko kaunti kavu za kaskazini kama Turkana, hali ilikuwa mbaya kuliko wastani wa nchi. Hapo ndo unaona kwa nini "Kenya iko juu ya wastani" ni sentensi ya kulalia. Wastani hauna njaa na hautembei kilomita kwenda shule.

Leo kuna mtandao mzima wa vikundi kama hivyo, unaitwa PAL, wenye wanachama Afrika, Asia na Amerika. Makao yake yako wapi? Nairobi. Hapahapa. Tunaandaa ulimwengu kulinganisha watoto wake, halafu kijana wa Umoja hajui hicho kitu kipo.

Watafiti watasema, "Ripoti ziko wazi, mtu apakue tu." Nimepakua. Ni mamia ya kurasa za Kiingereza kizito, na jedwali juu ya jedwali. Na makala za majarida ndo usiseme, moja tu inaweza kuuzwa zaidi ya dola 30. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na siku jina lilipotolewa kwa mfumo, hata maktaba ya mtandaoni ilinifungia. Kwa hivyo mtu akiniambia elimu iko wazi, namuuliza iko wazi kwa nani.

Haki pia itendeke: si kila ripoti hulala. Tusome, ule mpango wa kusoma wa madarasa ya chini ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, ulijengwa juu ya majaribio yaliyopimwa hapahapa, kwa Kiswahili na Kiingereza. Watoto walipata vitabu, walimu walipata mtu wa kuwatembelea darasani. Kwa hivyo inawezekana. Usikubali mtu akuambie ni ngumu.

Ninachotaka si kikubwa.

Kwanza, kila utafiti unaolinganisha watoto wetu utoke na kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida. Kama una pesa za kongamano la siku tatu, una pesa za mtafsiri.

Pili, shule iliyotoa watoto ipewe majibu yake. Ukinitoa damu, niambie nina ugonjwa gani.

Tatu, awamu ijayo, watoto wa Kenya wapimwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, tulinganishe sisi na sisi. Kama nimekosea kuhusu lugha, namba ziniaibishe hadharani. Lakini nadhani kuna watu wanaogopa hizo namba kuliko mimi.

Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO 2021. Viongozi wanavaa vitenge, wanatoa hotuba tamu, picha zinapigwa. Kesho yake mtoto anarudi kusoma photosynthesis kwa lugha ambayo hata mwalimu anaitafsiri kimoyomoyo. Hiyo ni sherehe ama ni matanga?

Sasa wewe mwenye unasoma hii kwa matatu: muulize mwalimu mmoja unayemjua kama aliwahi kuona matokeo ya SACMEQ ama ya Uwezo. Mmoja tu. Niandikie hapo chini amesema nini. Tutahesabu pamoja, na hayo majibu, angalau, tutabaki nayo sisi.