Stoo Haina Jicho la Akiba



Mtu akienda uwanja wa shabaha kujifunza kupiga bunduki, kwanza huamriwa kuvaa miwani ya kinga na vifuniko vya masikio. Asipovaa haruhusiwi kupiga hata risasi moja. Haulizwi cheo chake, mkubwa na mdogo huvaa sawa. Sababu yajulikana: mlio wa bunduki nyingi hupita desibeli 140, na kipande cha chuma kikiruka hakichagui jicho la nani.

Basi sisi tunauliza hivi. Ikiwa apigaye shabaha kwa saa moja analindwa, mbona fundi asimamaye mbele ya jiwe la kunolea kwa saa nane huambiwa afumbe macho kidogo? Mbona wanaojaribu injini ya dizeli ndani ya banda hupewa pamba ya kuziba masikio? Pamba si kinga. Tena miwani moja ya kupokezana watu watatu si kinga, maana cheche haingoji zamu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow, Uskoti, aliwapima masikio mafundi 100 wa kutengeneza boila. Hakumpata hata mmoja aliyekuwa mzima. Hiyo ilikuwa miaka kumi kabla reli yetu haijaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Kwa hiyo hakuna mkubwa wa kazi awezaye kusema hakuambiwa.

Jicho likiumia kila mtu huona. Lakini sikio hufa polepole, bila damu wala maumivu. Kwanza huwasikii vizuri watoto na kina mama wakisema, baadaye huisikii honi. Na mtu wa reli asiyesikia honi nyuma yake, je, atarudi nyumbani jioni? Masikio yaliyoharibiwa na kelele hayana dawa ya kuyarudisha.

Sheria iko upande wetu. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kuwekwa katika kelele ipitayo wastani wa desibeli 90 kwa saa nane. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyofaa, na inamtaka mfanyakazi avivae.

Hapo mwisho, ndugu, tunasemwa sisi wenyewe. Wako wenzetu waliopewa miwani nao huivaa kwenye paji la uso. Wengine husema, "Nimezoea kelele." Hujazoea, ndugu, ni sikio linakufa. Wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa, na kwetu maneno hayo ni kweli tupu.

Tunataka mambo matatu. Kila fundi awe na miwani yake na vifuniko vyake, visivyopokezanwa. Kelele ya kila banda ipimwe, na masikio yetu yapimwe pia. Na mahali pasipo miwani, jiwe lisizungushwe mpaka iletwe. Wajumbe wa karakana wapeleke neno hili kwa wakubwa, nasi tusimame nyuma yao.

Gurudumu likivunjika, stoo hutoa jingine. Jicho halimo katika daftari la stoo. Tulinde tulilo nalo, ili siku ya kustaafu tuwaone wajukuu wetu na kuwasikia wakituita.